Kiswahili Kilichowekwa Juu ya Kiingereza: Uhakiki wa Lugha ya Kompyuta za Kazi kwa Kipimo cha Kigwena, Rumonge

Ikisiri

Makala hii inahakiki violesura vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini tangu mwaka 2004, kwa kumchukua mtumiaji wa Kigwena, katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuwa kipimo. Mtumiaji huyo ni mjuzi wa Kiswahili, lakini kompyuta aliyoikuta kazini inazungumza Kifaransa. Hoja inayotetewa ni kwamba violesura hivyo, pamoja na sifa zake nyingi, vimejengwa kwa dhana kwamba chini ya kila Kiswahili kuna Kiingereza. Dhana hiyo inaonekana katika sarufi ya vitufe, katika istilahi za faili na kabrasha, katika uandishi wa namba na hata katika masharti ya usakinishaji. Matokeo yake ni kwamba lugha iliyokubaliwa kuwa ya Jumuiya nzima bado haijawa lugha ya kazi katika nchi yake mojawapo.

1.0 Utangulizi

Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac na hatimaye mpaka wa Tanzania. Wageni huifahamu kwa hifadhi ya msitu wake. Watu wa ziwani wanaufahamu ukanda huo kwa mawese, kwa uvuvi, na kwa Kiswahili. Lugha hii haikuletwa huko na mtaala wa shule. Ilifika kwa misafara ya karne ya 19 iliyounganisha Ujiji na ng'ambo za ziwa, ikatulia Rumonge na, mjini Bujumbura, katika mitaa kama Buyenzi, ikawa lugha ya soko, ya msikiti na ya bandari muda mrefu kabla Burundi haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Kuna wimbi la pili ambalo watunga sera hulisahau. Machafuko ya Aprili 1972 yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, ambako waliwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi walibaki huko. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000. Wengine, zaidi ya 50,000, walirejea Burundi kuanzia mwaka 2008, na sehemu yao walirudi kwenye mwambao huohuo. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Walirudi kwenye nchi ambayo hati zake huandikwa kwa Kirundi na Kifaransa, na wengi walikuwa na jambo zito la kuandikia: madai ya mashamba yaliyokuwa yamechukuliwa na watu wengine katika miaka yao ya ukimbizi. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo. Mtu anayedai shamba lake anahitaji kuelewa kilichoandikwa kwa niaba yake, na siku hizi kilichoandikwa kinapita kwenye kompyuta.

Kwa sababu hiyo Kigwena inafaa kuwa kipimo. Violesura vya Kiswahili vimezoea kuhakikiwa kwa jicho la Dar es Salaam na Nairobi, na ubishi umeishia kwenye kuchagua kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, au kati ya kipanya na puku. Ubishi huo una nafasi yake katika kamati za istilahi. Kwa mtu wa Rumonge, ambaye pengine amezoea neno la Kifaransa, ordinateur, lililobuniwa mwaka 1955 kwa ombi la tawi la IBM nchini Ufaransa, maneno yote matatu ni mageni kwa kiasi kilekile, na lolote kati yake atajifunza kwa siku moja. Kinachomkwaza kiko kwingine.

2.0 Kazi zinazohakikiwa

Kazi mbili ndizo msingi wa mapokeo haya. Ya kwanza ni ile ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004. Ya pili ni kifurushi cha Kiswahili cha Microsoft kwa ajili ya Windows XP na Office 2003, kilichotoka mwaka uliofuata baada ya wataalamu wa Kiswahili wa eneo hili kuandaa faharasa ya istilahi. Zote mbili zina warithi: LibreOffice ina Kiswahili kwa msimbo wa Tanzania, na Windows inacho kwa msimbo wa Kenya.

Haki itendeke kwa watangulizi hawa. Kabla ya 2004 lilikuwa jambo la kawaida kusikia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Baada ya kazi hizo kauli hiyo haikuweza kusemwa tena na mtu makini. Neno kama tendua, kwa maana ya kuondoa athari ya tendo lililotangulia, ni ushahidi wa namna viambishi vya lugha vinavyoweza kufanya kazi hiyo: kiambishi kilekile kinachogeuza funga kuwa fungua kinageuza tenda kuwa tendua, na msomaji yeyote wa Kiswahili, awe Lamu au Kigwena, anakipata bila mwalimu. Lau kazi yote ingefanywa kwa moyo huo, uhakiki huu ungekuwa mfupi.

3.0 Nani anamwamuru nani?

Tatizo la kwanza ni la sarufi, na ndilo lililochunguzwa kidogo kuliko yote. Kwenye skrini kuna sauti mbili. Mtu anaiambia mashine ifanye jambo, na mashine inamwambia mtu afanye jambo. Kitufe ni kauli ya mtu. Ujumbe unaomtaka aandike nenosiri ni kauli ya mashine. Kiingereza kinatumia umbo moja la kitenzi kwa sauti zote mbili, na wasemaji wake hawasumbuki, kwa kuwa umbo hilo halibebi uzito mkubwa wa heshima.

Kifaransa kinazitenganisha. Kwenye vitufe kinaandika kitenzi katika hali isiyo na mtendaji, enregistrer, annuler, imprimer, yaani kuhifadhi, kughairi, kuchapisha. Mashine inapomgeukia mtu, inabadili umbo na mara nyingi inaongeza neno la adabu: veuillez saisir, tafadhali andika. Mtumiaji wa Burundi aliyejifunza kompyuta kwa Kifaransa, hata kama Kifaransa chake ni cha kuungaunga, ameshajua kwa mazoea kwamba umbo la kwanza ni la kubofya na la pili ni la kusoma.

Kiolesura cha Kiswahili kimefuata Kiingereza. Kitufe kinasema Hifadhi, na ujumbe unasema Ingiza nenosiri. Yote mawili ni amri tupu, umoja, bila kiambishi cha adabu. Lugha ina njia angalau mbili za kuepuka hali hiyo. Kitufe kingeweza kubeba kitenzi-jina, Kuhifadhi, kwa gharama ya herufi mbili. Na ujumbe ungeweza kutumia hali ya dhamira, uingize nenosiri, ambayo katika mazungumzo ya kila siku ndiyo namna ya kumwambia mtu jambo bila kumwamrisha. Wala si jambo la urembo. Mwambaoni mwa ziwa, kama ilivyo Pwani, kijana hamwambii mtu mzima ingiza. Mashine inayomwambia hivyo mama wa miaka sitini inaonekana haina malezi. Lakini baya zaidi ni kwamba inamwacha asijue kama neno lililo mbele yake ni lake la kubofya au ni agizo analopaswa kulitii. Wafasiri walikuwa na rasilimali ya kutofautisha sauti hizo na hawakuitumia, kwa sababu matini chanzi haikuwadai.

Kasoro ya pili katika kundi hili ni ya upatanisho. Programu nyingi huandika ujumbe wenye pengo ambalo hujazwa baadaye: jina fulani halipatikani, vitu kadhaa vimefutwa. Mfumo wa kutafsiri unaotumiwa na programu huria unamruhusu mfasiri wa Kiswahili kutoa maumbo mawili, la umoja na la wingi, kwa kufuata kanuni ileile ya Kiingereza. Haumpi nafasi ya kusema kama kitakachojaza pengo ni mtu, faili au printa. Kwa hiyo skrini inaweza kusema haipatikani juu ya mtu. Hili haliwezi kulaumiwa juu ya wafasiri. Ni sharti walilopewa na wahandisi, na wataalamu wa isimu ndio wanaopaswa kulipeleka kwa wahandisi hao.

4.0 Faili ya karani na faili ya mashine

Taswira ya skrini kama meza ya ofisi ilianzia katika maabara za Xerox huko Palo Alto katika miaka ya 1970, ikauzwa kwa mara ya kwanza kwa maofisi mwaka 1981 katika mashine iliyoitwa Star, iliyokuwa na picha ndogondogo za hati, makabrasha na vikapu vya barua. Ni taswira ya karani wa Kimarekani mwenye meza yake peke yake. Eneokazi, jina ambalo Kiswahili kimelipa skrini hiyo, ni tafsiri yenye busara: limeiacha meza na kubakiza kazi. Kifaransa kinasema bureau, ambayo ni meza na ofisi kwa pamoja. Hapa Kiswahili kimefanya vizuri kuliko jirani yake.

Kwa neno faili mambo yamekwenda kinyume. Katika ofisi za Kiswahili faili ni jalada: faili la kesi, faili la mgonjwa, faili la kiwanja. Ndani yake kuna karatasi nyingi, na karani anapoambiwa alete faili haleti karatasi moja. Kwenye kompyuta, faili limekuwa ile karatasi moja, na kinachobeba karatasi nyingi kimeitwa kabrasha au folda. Mtu aliyezoea mashine ya Kifaransa anakutana na msukosuko maradufu. Yeye anajua kwamba dossier ni kitu cha kubeba na fichier ni kitu kinachobebwa; na anajua pia kwamba dossier ya shamba lake, kwa Kiswahili cha kawaida, ni faili. Akihamia kwenye skrini ya Kiswahili anaona faili mahali pa fichier. Akitafuta faili la shamba, anapata ukurasa mmoja na kudhani mengine yamepotea.

Hapakuwa na ulazima wa jambo hili. Neno hati lilikuwepo kwa karatasi moja na jalada lilikuwepo kwa kibebeo. Faili liliteuliwa kwa sababu linafanana kwa sauti na neno la Kiingereza, na kigezo cha kufanana kwa sauti kikashinda kigezo cha matumizi. Inawezekana kusema kwamba baada ya miaka ishirini watumiaji wa Tanzania na Kenya wamezoea na kubadili sasa kutazua fujo. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo inathibitisha kwamba gharama ya uteuzi wa 2004 inalipwa na walioingia baadaye, na Warundi wapo kwenye foleni hiyo pamoja na Wakongo.

5.0 Kibodi, mkato na msimbo wa nchi

Kibodi ya mpangilio wa Kifaransa ndiyo iliyozoeleka katika ofisi za Burundi. Kwa mwandishi wa Kiswahili ina faida moja na hasara kadhaa. Faida ni kwamba M iko kwenye safu ya katikati, karibu na L, na Kiswahili kinaitumia sana. Hasara ni kwamba A, herufi inayojitokeza zaidi ya zote katika lugha hii, imepelekwa safu ya juu, na mahali pake pamewekwa Q, ambayo Kiswahili hakiitumii kabisa. Safu ya tarakimu imekaliwa na herufi zenye alama za Kifaransa, hivyo tarakimu zenyewe na hata nukta zinahitaji kitufe cha pili. Mchapaji wa Rumonge anayeandika barua ya Kiswahili anafanya kazi zaidi ya mwenzake wa Kigoma kwa barua ileile. Hakuna anayedai kibodi ya Kiswahili itengenezwe kesho. Ni vyema tu mshauri wa sera ajue kwamba kupeleka kompyuta kwenye shule za mwambaoni ni pia kuchagua mpangilio wa vidole vya watoto.

Namba ni hatari zaidi kuliko herufi. Data za lugha na nchi ambazo programu nyingi huzitegemea hukusanywa na shirika la Unicode. Humo Kiswahili kina maingizo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Burundi imo kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili haimo. Pengo hilo linaonekana dogo mpaka mtu aandike kiasi. Kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya, nukta hutenga desimali na mkato hutenga maelfu. Kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili cha Kongo, mkato ndio unaotenga desimali. Basi mtumiaji wa Kigwena akiweka mashine yake kwa Kiswahili cha Tanzania na kuandika 1,500 katika jedwali la mawese, mashine inasoma elfu moja na mia tano. Mwenzake wa Bujumbura, kwa mipangilio ya Kifaransa, akiandika tarakimu hizohizo mashine inasoma moja na nusu. Wote wawili wameandika sawasawa kwa kadiri ya mashine zao. Tofauti ni mara elfu moja, na hesabu ya ushirika haitasema ni nani aliyekosea.

Linabaki sharti la usakinishaji, nalo ndilo lililoipa makala hii jina. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows hakisimami chenyewe. Kinawekwa juu ya lugha nyingine inayojaza sehemu ambazo hazikutafsiriwa, na lugha hiyo ni Kiingereza. Katika toleo la Windows 7, kwa mfano, mwenye mashine ya Kifaransa alitakiwa kwanza awe na ile ya Kiingereza. Si kwamba teknolojia ilikataa: kifurushi cha Kiwolofu, lugha ya Senegal, kilijengwa juu ya Kifaransa. Mtengenezaji aliangalia ramani, akaona Senegal ni ya Kifaransa na Kiswahili ni cha Kiingereza, akaamua. Burundi, Rwanda ya zamani na mashariki yote ya Kongo hazikuonekana katika ramani hiyo. Kwa vitendo, mtu wa Rumonge anayetaka Kiswahili anaambiwa apitie Kiingereza, lugha ya tatu au ya nne kwake, na kila anapofika pembe ya mfumo ambayo haikutafsiriwa, ndicho kinachomjibu.

6.0 Watu wawili mbele ya skrini moja

Violesura vyote vilivyotajwa vinamfikiria mtumiaji mmoja. Katika miji ya Burundi na ya Kongo mashariki, watu wengi wanaohitaji hati hawagusi kompyuta. Huenda kwenye vyumba vya kuchapa na kunakili ambavyo mabango yake husomeka Secrétariat public, wakaketi kando ya mchapaji, na kueleza shida yao kwa Kiswahili au Kirundi. Mchapaji huigeuza kuwa Kifaransa cha ofisi. Simu za mkononi zimeondoa sehemu kubwa ya mawasiliano ya watu kwenye meza hizo, lakini ombi rasmi, mkataba wa mauzo ya shamba na barua kwa mahakama bado hupita hapo.

Katika mpangilio huu, lugha ya kiolesura inaamua kiasi cha uwezo wa mteja kukagua. Anapoona kwenye skrini Enregistrer sous, hajui kama mchapaji amehifadhi, amefuta au amenakili hati ya mtu wa kesho yake. Akiona Hifadhi kama, anajua, hata kama matini yenyewe iko kwa Kifaransa. Hapo ndipo kiolesura cha Kiswahili kingetoa faida yake kubwa, kwa mtu ambaye hata hakikusudiwa yeye. Lakini mifumo inafunga lugha kwenye akaunti ya mtumiaji. Kuibadili kwenye Windows kunahitaji kutoka na kuingia upya. Mchapaji mwenye foleni ya wateja hatafanya hivyo kwa ajili ya mteja mmoja. Kinachohitajika ni jambo dogo kiufundi, yaani kitufe cha kuonyesha maneno ya skrini katika lugha ya pili kwa muda, na halijawahi kuombwa kwa sababu walioshauri watengenezaji walikuwa wasomi wenye kompyuta zao binafsi.

Pingamizi linaweza kuja kwamba Kirundi kingefaa zaidi, kwa kuwa karibu Warundi wote wanakizungumza. Ni kweli, na Kirundi kinastahili kiolesura kamili. Hata hivyo kwa aliyesoma Ulyankulu, Kirundi ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha aliyojifunza kusomea. Kompyuta ni kitu cha kusoma.

7.0 Yanayowezekana kuombwa

Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya wa Februari 2021 uliridhia Kiswahili na Kifaransa vitumike pamoja na Kiingereza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina dhamana ya kuliendeleza hilo. Kwa upande wa kompyuta, uamuzi huo una maana moja iliyo wazi: Kiswahili kinachokaa juu ya Kifaransa kitambuliwe kuwa ni Kiswahili cha kawaida cha Jumuiya, na mikataba ya ununuzi wa kompyuta za serikali idai hivyo. Nchi moja ikidai peke yake haitasikilizwa. Soko la Burundi ni dogo. Jumuiya ikidai, hesabu inabadilika, hasa tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022.

La haraka zaidi ni ingizo la Kiswahili cha Burundi katika data za Unicode. Halihitaji bajeti ya kutisha. Linahitaji watu wanaojua namna lugha inavyoandikwa Rumonge na Bujumbura waketi na kuamua alama ya desimali, ufupisho wa faranga, mpangilio wa tarehe, na kama Januari itaandikwa Januari au mwezi wa kwanza. Katika hilo la mwisho kamati isikimbilie kunakili ya Tanzania. Iwaulize kwanza wanaoandika stakabadhi za samaki na mawese, na iangalie wameandika nini kwenye madaftari yao.